SOMO LA 14: SUNGURA ANATAFUNA NINI?

Katika somo lililopita tulijifunza kujenga banda la sungura. Leo tutajifunza vitu vya kutia bandani, na vitu vya kuweka mbali.

Ndugu msomaji, mtazame sungura wako. Mdomo wake hautulii. Akimaliza majani, hutafuna mlango wa banda. Watu wengine humwita mharibifu. Lakini sungura ana sababu.

Sungura ana meno 28. Meno hayo huota maisha yake yote. Meno ya mbele huota kiasi cha milimita 2 kwa wiki. Kama hayasagiki, kwa mwaka mmoja yangezidi sentimita 10! Meno yakiwa marefu mno, sungura hawezi kula. Kwa hiyo ni lazima atafune.

Lakini jambo jingine ni hili: sungura hawezi kutapika. Mtu akila kitu kibaya, huenda akakitapika. Sungura akimeza kitu, hakirudi tena.

Tuchukue mfano. Mtoto wako anampenda sungura. Anamtilia bandani mpira wake wa matambara, uliofungwa kwa kamba ya nailoni. Sungura anautafuna, na mtoto anafurahi. Usiku sungura anameza nyuzi. Nyuzi zinajikunja na kuziba njia ya chakula. Asubuhi sungura hali, wala hakuna mavi chini ya banda. Tena ni jike mwenye mimba. Akifa, hukupoteza sungura mmoja tu. Umepoteza na watoto wake, ambao ungewauza ukanunua daftari za shule. Mtoto hakukusudia ubaya. Alifanya wema bila ya kujua.

VITU VYA HATARI

1. Plastiki, mpira, matambara na nyuzi. Usimtilie champali mbovu, vipande vya ndoo, nyuzi za nyavu wala kamba za nailoni. Vitu hivi huziba tumbo.

2. Mbao za zamani. Ubao wa mashua uliopakwa rangi au lami haufai. Rangi nyingine, hasa za zamani, zina risasi ndani yake, nayo ni sumu. Angalia pia misumari na ncha za waya.

3. Magunzi makavu ya mahindi. Watu wengi hudhani hayana madhara. Lakini vipande vyake huvimba na kukwama tumboni.

4. Miti na majani yenye sumu. Usimpe mbarika wala utupa. Utupa unaolewesha samaki utamdhuru sungura pia. Usimpe mti wala majani mabichi ya muhogo. Sisi wenyewe hatuli kisamvu kibichi. Tunakitwanga na kukipika vizuri, kwa sababu kina sumu.

VITU VINAVYOFAA

Chakula kinachosaga meno vizuri kuliko vyote ni nyasi. Mpe nyasi nyingi kila siku, usiku na mchana. Kata nyasi mahali pasipopigwa dawa za wadudu.

Kisha mwongezee vijiti vya mpera. Vioshe kwanza. Unaweza pia kumpa kipande cha mkeka wa miyaa. Lakini kiwe hakikutiwa rangi, na uzi wa kushonea uwe umetolewa. Kikilowa mkojo au kikiota ukungu, kitupe.

Kumbuka kanuni hii: KILA UNACHOTIA BANDANI NI CHAKULA. Wewe umekiita kitu cha kuchezea, lakini sungura atakila. Kabla ya kukitia, jiulize: akikimeza, kitamdhuru? Kama hujui jibu, usikitie.

DALILI ZA HATARI

Kila asubuhi tazama mambo matatu: Je, amekula? Je, amepata choo? Je, anatembea kama kawaida? Sungura mgonjwa hujikunyata pembeni na kusaga meno. Pengine tumbo hujaa.

Ukiona hivyo, ondoa kitu alichokuwa akitafuna. Kiweke, ukamwonyeshe afisa mifugo. Ukiona uzi unaning'inia nyuma, usiuvute, maana utakata matumbo. Usimpe dawa za binadamu. Mwachie nyasi na maji, kisha mpeleke kwa afisa mifugo siku hiyo hiyo. Usingoje kesho. Sungura asiyekula kutwa nzima yuko katika hatari kubwa.

Leo jioni nenda bandani pamoja na watoto. Toeni vitu vibaya vyote. Waeleze sababu, nao watakuwa walinzi wazuri wa mifugo yenu.

MASWALI

1. Kwa nini sungura ni lazima atafune?
2. Kwa nini uzi ni hatari zaidi kwa sungura kuliko kwa mnyama anayeweza kutapika?
3. Taja vitu viwili vya nyumbani kwako ambavyo sungura asipewe.
4. Jadilianeni darasani: ni nani anayetia vitu katika mabanda yetu, na tumfundishe vipi?