Mradi wa Shule Kuhusu Kaunti: Takwimu Moja Yaweza Kufundisha Mengi

Wanafunzi wa Masomo ya Jamii hupewa mradi wa kuchunguza kaunti yao: mahali ilipo, watu wake, uchumi, historia na uongozi. Mara nyingi kinachorudishwa darasani ni kurasa zilizonakiliwa kutoka kwenye intaneti, zikiwa na picha ya ndovu na orodha ya maeneobunge. Mwalimu hutia alama, na mradi husahaulika.

Kazi hiyo inaweza kuwa na faida kubwa zaidi. Makala haya yanatumia Kaunti ya Taita Taveta kuonyesha hatua ambazo mwanafunzi, mwalimu na mzazi wanaweza kufuata.

Hatua ya 1: Anza na swali

"Kaunti ya Taita Taveta" ni mada tu. Swali ni kama hili: "Mbona kaunti ni kubwa, ilhali familia nyingi zina vishamba vidogo?" Swali humwelekeza mwanafunzi atafute nini na aache nini. Asiye na swali huandika kila kitu, na mwishowe hakuna alichojibu.

Hatua ya 2: Tafuta takwimu, kisha uzihoji

Sensa ya 2019 iliyofanywa na Shirika la Taifa la Takwimu (KNBS) ilihesabu watu 340,671 katika kaunti hii. Ukubwa wake ni takriban kilomita za mraba 17,000. Ukigawanya, unapata kama watu 20 kwa kila kilomita moja ya mraba. Wastani wa Kenya nzima mwaka huo ulikuwa watu 82. Msomaji wa haraka atasema ardhi ni tele na watu ni wachache.

Hapo ndipo utafiti unapoanza. Takriban asilimia 62 ya kaunti imo ndani ya mbuga za kitaifa za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, ambako wakazi hawaruhusiwi kujenga makao wala kulima. Ukiondoa eneo hilo, zinasalia kama kilomita za mraba 6,460. Gawanya tena: ni watu wapatao 53 kwa kila kilomita ya mraba, zaidi ya mara mbili ya jibu la kwanza.

Hata hesabu hiyo haijafika mwisho. Katika sehemu iliyobaki kuna ranchi na mashamba makubwa ya mkonge, na nyanda za chini hupata mvua kidogo. Ndiyo maana wakulima wengi wamesongamana kwenye milima ya Taita, upande wa Wundanyi, na kwenye maeneo yenye maji huko Taveta. Takwimu ya kwanza haikuwa ya uongo, lakini peke yake ilipotosha.

Hatua ya 3: Uliza nani anawajibika

Ndovu akivuka mpaka wa mbuga na kuharibu mahindi, mkulima aende wapi? Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linagawa majukumu. Ulinzi wa wanyamapori ni kazi ya serikali ya kitaifa, na mbuga hizo husimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Fidia nayo inaongozwa na sheria ya taifa ya wanyamapori ya 2013. Serikali ya kaunti inashughulikia kilimo, vituo vya afya, elimu ya chekechea, barabara za kaunti na huduma za maji.

Mwanafunzi achore jedwali lenye safu mbili, taifa na kaunti, kisha aweke kila tatizo la kijiji chake mahali pake. Mtoto anayelijua hilo anaweza kumwelekeza nyanya yake aripoti kwenye ofisi inayohusika, badala ya kupoteza siku na nauli akizunguka.

Hatua ya 4: Zungumza na wazee, tembelea mahali

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Historia ya kaunti ipo ardhini na vinywani mwa watu. Mwaka wa 1898 simba waliwaua wajenzi wa reli kwenye mto Tsavo. Februari 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza na Wajerumani walipigana kwenye kilima cha Salaita karibu na Taveta. Makaburi ya wanajeshi wa vita hivyo yapo Voi, Maktau na Taveta.

Kabla ya kumhoji mzee, mwanafunzi aombe ruhusa, aeleze mradi ni wa nini, na aandike tarehe na mahali pa mazungumzo. Masimulizi ya Kidawida au Kitaveta yaandikwe kwanza kwa lugha hiyo, kisha yafafanuliwe kwa Kiswahili. Wazee wawili wakitofautiana, maelezo yote mawili yaandikwe.

Hatua ya 5: Andika jibu, toa pendekezo

Ripoti nzuri hutaja swali, takwimu na zilikotoka, mambo yaliyoonekana, jibu, na pendekezo moja linaloweza kutekelezwa. Kurasa nne za mwanafunzi mwenyewe zina thamani kuliko kumi zilizoandikwa na mzazi au saibakafe.

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Wazazi na walimu wanaweza kuuliza katika ofisi ya msimamizi wa wadi kuhusu Mpango wa Maendeleo ya Kaunti wa miaka mitano, na kuutumia darasani.

Vikao vya kushirikisha umma kuhusu bajeti viko wazi kwa wakazi wote. Mzazi, ukienda, beba ripoti ya mwanao. Hoja iliyo na hesabu ni ngumu kupuuzwa.