Mti wa Asili, Asili ya Wapi? Kuchagua Miti na Vichaka vya Kupanda Nyumbani

Mwombe mtu wa Dar es Salaam akutajie miti ya asili. Aghalabu ataanza na mwembe, atafuatisha mwarobaini, na akimaliza atakuonyesha mkrismasi ulio mbele ya nyumba ya jirani. Yote mitatu ni migeni. Mwembe na mwarobaini imetoka upande wa Bara Hindi, mkrismasi kwao ni Madagaska. Mjohoro ni wa Asia, mkaratusi wa Australia, mkorosho wa Brazili. Sisemi uikate, mwembe unaozaa vizuri haukatwi kwa sababu ya ukoo wake. Ila kama una kiwanja kipya na nafasi ya miti michache tu, yafaa angalau nusu yake iwe ile iliyozoea udongo wako na kiangazi chako, ambayo chozi, popo na nyuki wa kwenu wanaijua tangu zamani.

Hapo ndipo swali muhimu linapokuja: asili ya wapi? Mti kuwa wa Tanzania hakuufanyi kuwa wa kwenu. Musizi (Maesopsis eminii) kwao ni Kagera na Uganda, na huko hauna neno. Ulipopelekwa Amani, Usambara Mashariki, hondohondo walikula matunda yake na kutawanya mbegu, ukaingia kila penye uwazi msituni na kuwa kero kwa watunza misitu. Ni nchi moja, na bado ukawa mvamizi. Kwa hiyo usiniulize orodha ya miti ya Tanzania nzima. Mtu wa Bagamoyo, wa Moshi na wa Dodoma kila mmoja ana orodha yake, na zinagusana kidogo tu.

Orodha ya kwenu utaipata kwa kutembea. Nenda kwenye makaburi ya zamani, viwanja vya misikiti na makanisa ya kale, kingo za mito, mipaka ya mashamba ya wazee. Miti iliyobaki hapo imekwisha kujithibitisha bila kumwagiliwa. Aliye Dar es Salaam ana misitu ya Pugu na Kazimzumbwi karibu. Wa Mombasa na Kilifi wana makaya ya Wamijikenda, yaliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008. Nenda kutazama na kuuliza tu, usirudi na miche: kung'oa ndani ya hifadhi ni kosa, na mche wa mwituni uliokatwa mizizi hupona kwa nadra. Piga picha ya jani, ua na tunda, kisha utafute jina la kitaalamu. Jina la mtaani halitoshi, maana neno mgunga pekee hubeba miti kadhaa tofauti.

Kabla hujanunua chochote, kagua kiwanja chenyewe. Mazoea yetu ni kuleta greda, kusafisha hadi udongo mwekundu uonekane, halafu kwenda kununua miche. Yawezekana visiki ulivyong'oa vilikuwa na mizizi ya miaka mingi ambayo ingechipua kwa kasi kuliko mche wowote wa kwenye kiriba. Dodoma wameifanya kazi ya kutunza visiki kuwa kampeni na kuiita Kisiki Hai: unachagua machipukizi mawili au matatu yenye nguvu, unapogoa mengine, unaweka alama ili asiyejua asiyafyeke, na unaendelea kupogoa kadiri yanavyokua. Hakuna mti wa asili wa bei nafuu kuliko huo.

Sasa tushike futi. Viwanja vingi vya mjini ni mita ishirini kwa ishirini, na ukitoa nyumba, shimo la choo, chemba, kisima na maegesho, hubaki ukanda mwembamba pembeni na kipande mbele. Chora haya yote kwenye karatasi, pamoja na nyaya za umeme na ukuta wa jirani. Ndipo utaelewa kwa nini mvule haukuhusu, hata kama unaupenda. Ni mti unaofika mita arobaini na zaidi. Mkongo (Afzelia quanzensis), ambao wengine huuita mbambakofi, nao hutanua matawi mno kwa kiwanja kidogo. Uuweke kwenye shamba au uwanja wa shule. Mkuyu ndio hatari hasa, kwani mizizi yake hufuata maji, na maji ya nyumba yako yamo kwenye mabomba na shimo la choo.

Kwa kivuli cha mbele ya nyumba pwani, ningechagua mnwamaji (Trichilia emetica). Majani yake ni mazito, hukaa na kijani mwaka mzima, na mbegu zake nyeusi zenye nyama nyekundu huvuta ndege. Kama jina linavyokuonya, hupenda unyevu, basi uweke pale maji ya paa yanapoelekea. Mmoja unatosha, mita nane hivi kutoka ukutani. Usiruhusu watoto watafune mbegu. Maganda yake yana sumu.

Kama una nafasi kubwa zaidi na subira, mkwaju. Hukua polepole, hustahimili ukame na upepo, na ukwaju wake hauhitaji kuelezwa. Majirani watakuambia mashetani hukaa humo. Waambie hawajawahi kulipa kodi.

Mpingo (Dalbergia melanoxylon) ndio ninaoutetea zaidi, kwa sababu watu hudhani ni mti wa misitu ya Kilwa na karakana za Wamakonde peke yake. Kwa umbo ni mti mdogo, mara nyingi mita tano hadi kumi, wenye kivuli chepesi kinachoruhusu maua au mboga kukua chini yake, na mizizi yake hurutubisha udongo kwa naitrojeni. Ubaya wake ni miiba, hivyo usiuweke kando ya mlango, na uchelewaji wake: mti wa kuvuna kwa ajili ya klarineti huchukua miaka sabini au zaidi. Wewe lakini huvuni. Mninga, jamaa yake wa miombo, nakushauri uuache. Miche yake hufa juu kila kiangazi na kuchipua upya kwa miaka kadhaa kabla ya kuamua kuwa mti, na ni wachache wenye moyo wa kutazama hilo.

Watu hununua miti na kusahau vichaka, wakati kwenye kiwanja kidogo vichaka ndivyo vyenye faida. Chini ya kivuli cha mnwamaji weka mkilua (Mkilua fragrans), kichaka cha misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania ambacho vilua vyake vyenye harufu nzuri wanawake wa pwani wamejirembea navyo kwa muda mrefu. Hauna haraka ya kukua na haupendi jua kali, kwa hiyo usiupande kabla mti wa juu yake haujatanda. Mahali pa jua, panda mkole: fito zake hutumika, matunda madogo huliwa na watoto na ndege, na Wazaramo wanajua heshima yake katika unyago. Kwa uzio, mchongoma (Flacourtia indica). Sote tunajua methali ya kuupanda na kuushuka, na hiyo ndiyo sifa ya uzio. Huvumilia kukatwa, na hutoa matunda ya kula. Minyaa pia hupandwa kama uzio, ila utomvu wake ukiingia jichoni ni kwenda hospitali. Penye watoto, sipendekezi.

Moshi, Rombo na Machame mambo ni mengine, na huko wenyeji hawahitaji somo, maana vihamba vyao, yaani mashamba ya nyumbani, vimechanganya miti ya asili na migomba na kahawa kwa vizazi. Mringaringa (Cordia africana) kwa kivuli na nyuki, msesewe penye maji, masale mpakani. Anayehamia huko kutoka mjini aige tu.

Kupata miche ndiyo kazi. Vitalu vya kando ya barabara huuza kinachouzika, yaani maua ya kigeni na miashoki. Agiza miezi sita mapema, au tafuta mbegu kupitia Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, wenye kituo cha mbegu za miti Morogoro. Kenya, uliza KEFRI. Ukiotesha mwenyewe, mbegu ya mkongo iondolee kofia nyekundu, ikwaruze ganda upande mwingine na uiloweke usiku kucha. Ya mkwaju imwagie maji yaliyotoka kuchemka, uiache humo hadi kesho yake. Ya mnwamaji imenye na uipande ikiwa mbichi, maana ikikauka imekufa. Ya mpingo haihitaji mbwembwe. Mkongo huteremsha mzizi mrefu mapema, hivyo utumie viriba virefu. Na ukinunua, acha mche mrefu uliotoboa kiriba. Chukua mfupi, mnene, ambao mizizi yake haijajizungusha.

Siku ya taifa ya kupanda miti Tanzania ni Aprili 1. Kwa pwani imekaa vizuri, katikati ya masika. Kwa Dodoma, Singida au Songea, ambako mvua huanza Novemba au Desemba na kukoma karibu na Aprili, ni siku ya kupiga picha. Ukitaka mche uishi, panda Desemba au Januari. Popote ulipo, ngoja udongo ulowe hadi chini. Chimba shimo la sentimita sitini kila upande, tenga udongo wa juu na wa chini, changanya wa juu na samadi iliyooza kabisa, kisha uurudishe kuzunguka mizizi. Samadi mbichi huita mchwa. Ondoa kiriba chote. Weka matandazo ya nyasi, ila yasiguse shina.

Kiangazi cha kwanza mwagilia mara chache lakini kwa wingi, ndoo nzima mara moja kwa wiki kuliko kikombe kila jioni, ili mizizi ishuke. Mpingo utapukutisha majani yote, na mtu wa bustani atataka kuung'oa. Mwambie akwaruze gome kwa ukucha: kama chini kuna kijani, mti ni mzima, na utachipua mvua zikirudi.