Kifafa na Umeme wa Ubongo: Kwa Nini Dawa Haikatizwi

Ubongo wa mwanadamu hufanya kazi kwa umeme. Chembe za neva hupitisha chumvi zenye chaji, kama sodiamu na potasiamu, katika vijilango vya kuta zake, na kwa njia hiyo hupashana habari. Baadhi ya chembe huchochea wenzake, nyingine huwatuliza. Mizani hiyo inapovurugika, kundi kubwa la chembe huwaka kwa pamoja, na hapo ndipo kifafa hushika. Msukosuko ukibaki sehemu moja, huenda mkono mmoja tu ukatikisika. Ukienea ubongo mzima, mgonjwa huzimia, hukakamaa na kutetemeka. Hapana pepo wala laana, na povu la mgonjwa haliambukizi.

Mwaka 1924 daktari Mjerumani, Hans Berger, alinasa umeme wa ubongo wa binadamu kwa mara ya kwanza. Kipimo chake, kiitwacho EEG, husoma umeme huo tu. Hakiingizi umeme kichwani. Hata hivyo, majibu yasiyoonyesha kasoro hayathibitishi kwamba mtu hana kifafa, kwani huenda ubongo ulikuwa umetulia alipopimwa. Kwa hiyo aliyeshuhudia tukio aende pamoja na mgonjwa akamweleze daktari.

Dawa hurejesha mizani: kabamazepini huzuia vijilango vya sodiamu visifunguke mno, na fenobabitoni huongeza nguvu ya utulizaji. Lakini hukinga pale tu zinapokuwamo mwilini kwa kiasi cha kutosha kila siku. Anayeziacha ghafla kwa kudhani amepona, au kwa kuuziwa tiba ya “kung’oa kifafa”, hujiweka katika hatari ya kushikwa mfululizo hata kufa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hadi asilimia 70 ya wagonjwa wanaweza kuishi bila kushikwa wakitibiwa ipasavyo.

Kwa hiyo tunawashauri watumiaji:

1. Nunua dawa katika duka lililosajiliwa, ukague tarehe ya mwisho ya matumizi na kudai risiti.
2. Nunua nyingine kabla ya ulizonazo kwisha.
3. Usibadili dawa wala kipimo chake bila daktari.
4. Mtu akishikwa, ondoa vitu vya hatari karibu naye, mlaze ubavu, wala usimtie kitu mdomoni. Tazama saa: zikipita dakika 5, awahishwe hospitali.