Kamera Isikuzimikie Katikati ya Kazi: Jinsi ya Kuilisha Umeme wa Pawabenki



Jumapili moja nilitoka na magauni 40 kwenda kupiga picha ufukweni. Modo nimeshamlipa, bajaji ya kubeba mzigo nimeshalipa, jua la asubuhi limekaa vizuri. Gauni la 23, kamera ikazima. Betri ya akiba? Ipo nyumbani, kwenye chaja! Yale 17 yaliyobaki nikayapiga usiku sebuleni kwa simu, chini ya taa ya njano. Wiki ile ile mteja akarudisha mzigo: "Dada, kwenye picha ni maruni, umeniletea nyekundu." Alikuwa na haki. Nikamrudishia hela yake, na nauli ya kifurushi ikawa juu yangu.

Siku hizi natoka na pawabenki. Lakini usikimbilie dukani bado. Soma kwanza, maana pawabenki kubwa isiyoendana na kamera yako ni hela umetupa.

1. Jua kamera yako iko kundi gani

Kundi la kwanza: inafanya kazi huku imechomekwa USB. Sony ZV-E10 ni mfano. Ingia kwenye menyu, washa kipengele cha kupokea umeme wa USB, chomeka, endelea na kazi. Betri yake iache humo humo ndani. Waya ukichomoka kwa bahati mbaya, betri inadaka na kazi haikatiki.

Kundi la pili: inapokea chaji ya USB ikiwa imezimwa tu. Hii chaji wakati modo anabadilisha nguo au mnapokunywa maji. Inasaidia, ila haitakubeba kwenye kurekodi video mfululizo.

Kundi la tatu: haichaji kwa USB kabisa. Canon EOS 2000D iko hapa. Tundu lake la USB ni la kuhamishia picha, siyo la chaji. Kamera kama hizi zinahitaji kitu kinachoitwa "dami betri": kasha lenye umbo la betri lakini ndani hakuna chaji, lina waya unaotoka nje kwenda kwenye chanzo cha umeme. Kwa 2000D, inayotumia betri ya LP-E10, uliza dami ya LP-E10 yenye waya wa USB. Ukichunguza pembeni ya kamera utaona tundu dogo lenye kifuniko cha mpira. Waya unapita hapo na mlango wa betri unafungika vizuri.

2. Volti siyo ya kubahatisha

Pawabenki ya kawaida inatoa volti 5. Betri ya LP-E10 ni volti 7.4. Kwa hiyo waya wa dami lazima uwe na kifaa cha kupandisha volti. Zile za USB zinakuwa nacho, ndicho kile kidude kilichovimba kwenye waya. Usije ukakata waya ukaunganisha mwenyewe kwenye betri ya bodaboda au ya sola ya volti 12. Utaua kamera, na hakuna fundi wa kumlaumu.

Angalia pia maandishi kwenye pawabenki. Tafuta tundu lililoandikwa 5V 2A au zaidi. La 1A linaweza kuonekana linafaa, halafu lenzi ikianza kutafuta fokasi, kamera inazima.

3. Piga hesabu ya ukweli

Usidanganywe na namba kubwa. Pawabenki ya mAh 20,000 imehesabiwa kwa volti 3.7 za betri zilizo ndani yake. Zidisha: 20,000 mara 3.7, gawa kwa 1,000, unapata wati-saa 74. Umeme mwingine unapotea kama joto wakati wa kubadilisha volti, kwa hiyo mimi nahesabu theluthi mbili tu, kama wati-saa 50.

LP-E10 ina mAh 860 kwa volti 7.4, yaani wati-saa 6 na kidogo. Kwa hiyo pawabenki moja nzima ni sawa na betri karibu nane. Hiyo ni kama namba ya kwenye kasha ni ya kweli! Ukiona pawabenki nyepesi kama kiberiti imeandikwa mAh 50,000, irudishe kwenye shelfu.

4. Mambo yanayokwamisha watu kule nje

Pawabenki nyingi hujizima zikiona umeme unaotumika ni kidogo. Kamera ikilala, pawabenki nayo inalala. Zima ule mpangilio wa kamera kujizima yenyewe.

Ukiwa na dami, hakuna betri ya kudaka. Waya ukivutwa wakati unarekodi, video ile unaweza kuipoteza. Funga waya kwenye mguu wa tripodi kwa mpira au kamba, uache ulegee kidogo karibu na kamera. Pawabenki iweke kwenye mfuko ulioning'inia hapo hapo.

Usiiache juani wala ndani ya gari lililofungwa. Joto linaharibu betri za lithiamu. Iweke kivulini, usiifunike na nguo. Ikivimba, achana nayo kabisa.

Na umeme mwingi hauondoi mipaka ya kamera yenyewe. Canon 2000D inasimamisha video kabla ya dakika 30. Panga vipande vifupi.

5. Jaribu nyumbani kwanza

Siku moja kabla, jaza pawabenki, funga kila kitu kama utakavyofunga kule, piga kazi saa nzima. Soma asilimia mwanzo na mwisho. Kama saa moja imekula asilimia 12, saa nne zitakula karibu 50, una nafasi. Kama imezima dakika ya kumi, afadhali imezimia sebuleni kwako kuliko mbele ya modo uliyemlipa.

Na betri ya akiba bado bebeni, jamani. Yangu siku hizi inalala ndani ya begi la kamera, siyo kwenye chaja.

Kamera yako ni ipi? Andika jina lake hapo chini tujue iko kundi gani, na mtumie mwenzako anayejiandaa kwenda kupiga picha wikiendi hii.