SOMO: TUYAPIME MAGAZETI YA UNABII

Soma: Mathayo 24:3-14, 36, Matendo 17:10-12.



Gazeti la dini likija bure, lenye picha nzuri na habari za vita, wengi hulipokea bila kuuliza. Siku hizi maneno ya namna hiyo huja hata kwa simu. Yatupasa kujua kuyapima.

Mfano mmoja ni The Plain Truth, gazeti lililoanzishwa Marekani na Herbert W. Armstrong mwaka 1934. Lilipelekwa bure kwa posta kwa yeyote aliyeliomba. Alipofariki mwaka 1986, nakala zake zilizidi milioni 7. Msomaji hakulipa kitu, lakini waumini wa kanisa lake walililipia kwa zaka zao.

Lilifundisha kwamba Waingereza na Wamarekani ni uzao wa makabila ya Israeli yaliyopotea, na kwamba mataifa kumi ya Ulaya yangeungana na kuwashinda. Kijitabu chake cha mwaka 1956 kilitaja 1975 katika jina lake. Mwaka 1975 ukaja, ukapita. Baada ya Armstrong, viongozi wa kanisa lake wenyewe waliyachunguza Maandiko upya, na kufikia 1995 wakaacha mengi ya mafundisho hayo.

Tena, katika hesabu hiyo sisi wa Nyashimo tulikuwa watazamaji tu wa ugomvi wa wengine. Lakini Bwana alisema Injili itahubiriwa kwa mataifa yote. Hapo Msukuma yumo.

Basi, ukipewa gazeti, uliza:

1. Je, linataja mwaka? Bwana alisema siku ile haijulikani, wala na malaika.

2. Je, linatia hofu hata mtu aache shamba, auze ng'ombe, au amtoe mtoto shuleni? Mtume Paulo aliwaonya Wathesalonike walioacha kazi.

3. Je, umefungua Biblia na kusoma sura nzima, kama walivyofanya watu wa Beroya?

Tusiwacheke wanaosoma magazeti hayo. Wanataka kuelewa dunia wanayoisikia redioni. Tukinyamaza juu ya Danieli na Ufunuo, wengine watafundisha badala yetu.

Maswali ya kuzungumza:

(a) Kwa nini Bwana hakutaja tarehe?
(b) Kukesha kwa mkulima au mvuvi ni kufanya nini kila siku?
(c) Ni sura gani ya Ufunuo tungependa kufundishwa kanisani?