PIKIPIKI YA STIMA AU YA PETROLI? FANYA HESABU KABLA YA KUNUNUA

Mkulima, ukisimama asubuhi penye kituo cha maziwa utaona pikipiki nyingi zikifika na mikebe. Zamani zote zilikuwa za petroli. Siku hizi utaona moja moja inayokuja kimya, isiyo na moshi wala ngurumo. Hiyo ni pikipiki ya stima. Mwenyewe atakuambia kwamba anatumia pesa kidogo sana. Jirani yake mwenye pikipiki ya petroli atakuambia kwamba betri ikifa utalia. Wote wawili wanasema kweli, lakini kila mmoja anasema nusu tu ya kweli.

Somo letu la mwezi huu ni kukuonyesha namna ya kupata kweli yote. Haifai kuuliza jirani peke yake, wala kumsikiliza mwenye duka peke yake. Yafaa kuchukua kalamu na daftari, na kuhesabu safari zako wewe mwenyewe.

KWA NINI STIMA NI RAHISI KULIKO PETROLI

Kwanza tuelewe sababu. Stima hupimwa kwa yuniti, na ndizo unazonunua kwa tokeni. Yuniti moja ni nguvu ya wati 1,000 kwa muda wa saa moja. Lita moja ya petroli ina nguvu ya karibu yuniti 9. Basi petroli ina nguvu nyingi sana. Lakini injini ya pikipiki haiwezi kuitumia yote. Karibu robo tatu hupotea ikawa joto. Ukitaka kuamini, angalia bomba la moshi baada ya safari: lina moto wa kuunguza mguu. Joto hilo ulilinunua kwa pesa yako, nalo halikubeba maziwa hata hatua moja.

Mota ya stima haipotezi hivyo. Zaidi ya sehemu 80 katika kila 100 za nguvu inayopewa huenda kuzungusha gurudumu. Ndiyo sababu pikipiki ya stima huenda mbali kwa nguvu kidogo.

Tena mota haina oili ya kubadilishwa, haina plagi, haina chujio la hewa, wala karbureta ya kusafishwa. Vitu vinavyobaki ni tairi, breki, taa, beringi, na mnyororo kwa zile zenye mnyororo. Kwa hivyo fundi huonekana mara chache.

GHARAMA NI ZA NAMNA NNE

Watu wengi hulinganisha petroli na stima tu, halafu wanaacha. Hilo ni kosa. Gharama za pikipiki ni hizi nne:

1. Petroli au stima.
2. Matengenezo.
3. Akiba ya kitu kikubwa kitakachokufa: injini kwa pikipiki ya petroli, betri kwa pikipiki ya stima.
4. Bei ya kununulia.

Ukisahau ya tatu au ya nne, hesabu yako itakupoteza kama mtu aliyehesabu bei ya ng’ombe akasahau chakula chake.

MFANO WA KWANZA: MWENYE SAFARI NYINGI

Sasa tufanye hesabu pamoja. Bei tunazotumia hapa ni za mfano, ili hesabu iwe rahisi kufuata. Wewe utaweka bei za kwenu.

Tuseme mkulima anapeleka maziwa yake na ya majirani asubuhi na jioni. Kituo kiko kilomita 10. Kwenda na kurudi mara mbili ni kilomita 40 kwa siku. Kwa siku 25 za mwezi ni kilomita 1,000.

Pikipiki ya petroli yenye mzigo, tuseme inakwenda kilomita 40 kwa lita. Basi atatumia lita 25. Ikiwa lita ni shilingi 180, petroli ni shilingi 4,500 kwa mwezi. Oili, plagi, fundi na akiba ya kutengeneza injini, tuseme ni shilingi 1,200. Jumla ni shilingi 5,700.

Pikipiki ya stima hutumia karibu yuniti 4 kwa kilomita 100. Kwa kilomita 1,000 ni yuniti 40. Lakini sehemu ya stima hupotea wakati wa kuchaji, kwa hivyo mita yako itahesabu karibu yuniti 45. Ikiwa yuniti ni shilingi 30 pamoja na kodi, stima ni shilingi 1,350. Matengenezo, tuseme ni shilingi 200. Tena betri mpya, tuseme ni shilingi 90,000, na kwa kazi hii nzito itadumu miaka 5, yaani miezi 60. Kila mwezi ni lazima aweke akiba ya shilingi 1,500. Jumla ni shilingi 3,050.

(Tairi na breki hatukuziandika, kwa sababu pikipiki zote mbili huzimaliza sawasawa.)

Basi mkulima huyu anaokoa shilingi 2,650 kila mwezi akitumia stima. Tuseme pikipiki ya stima ilikuwa ghali kwa shilingi 60,000 zaidi ya ile ya petroli siku ya kununua. Gawanya 60,000 kwa 2,650. Atarudisha pesa hizo kwa miezi 23 hivi, yaani miaka miwili kasoro mwezi. Baada ya hapo kila mwezi ni faida. Mkulima huyu akinunua ya stima amefanya vizuri.

MFANO WA PILI: MWENYE SAFARI CHACHE

Sasa mtazame jirani yake. Yeye ana ng’ombe mmoja anayekamwa, na anakwenda kilomita 10 tu kwa siku. Kwa siku 25 ni kilomita 250, robo ya mwenzake.

Petroli yake ni lita 6 na robo, shilingi 1,125. Matengenezo ni robo ya yale ya kwanza, shilingi 300. Jumla ni shilingi 1,425.

Akiwa na pikipiki ya stima, stima yake ni shilingi 338 hivi, na matengenezo shilingi 50. Lakini angalia betri! Betri haizeeki kwa kazi peke yake. Huzeeka pia kwa miaka, hata ikiwa imekaa bandani. Tuseme yake itadumu miaka 8, yaani miezi 96. Akiba ya kila mwezi ni shilingi 938. Jumla ni shilingi 1,326.

Faida yake ni shilingi 99 kwa mwezi. Ili kurudisha zile shilingi 60,000 za kununulia, atahitaji zaidi ya miaka 50! Pikipiki yenyewe itakuwa imekwisha zamani, na pengine mwenyewe ni babu wa vitukuu.

Watu hawa wawili wanakaa mpaka mmoja, wanatumia barabara moja, wananunua stima moja. Lakini jibu la mmoja si jibu la mwingine. Kinachoamua ni kilomita. Stima humlipa mwenye safari nyingi.

MAMBO MATANO YA KUANGALIA

Jambo la kwanza: Bei ya stima yako. Katika bei za stima zilizoanza Aprili 2023, nyumba ziliwekwa katika madaraja matatu: hadi yuniti 30 kwa mwezi, kutoka 30 hadi 100, na zaidi ya 100. Daraja la chini hulipa bei nafuu kwa kila yuniti. Nyumba inayotumia yuniti 25 ikiongeza 45 za pikipiki itafika 70, na hapo imepanda daraja. Hata taa zako za zamani zitakuwa ghali kuliko jana. Kwa hivyo usihesabu yuniti za pikipiki peke yake. Hesabu ongezeko lote la pesa za stima nyumbani.

Jambo la pili: Paneli ya jua. Wengine husema, “Mimi nina paneli, basi nitachaji bure.” Tuhesabu. Paneli ya wati 50 ikipata jua kali la saa 5 hutoa robo ya yuniti. Yule mkulima wa mfano wa kwanza anahitaji yuniti 1.8 kila siku. Angehitaji zaidi ya paneli 7 kama hizo, na siku ya mawingu hazitamtosha. Paneli ndogo ya taa ni ya taa.

Jambo la tatu: Stima ikikatika. Maziwa hayangoji. Ikiwa kwenu stima hukatika usiku mara nyingi, ni lazima uwe na njia nyingine: betri ya pili, au jirani wa kukubebea. Maziwa yaliyoharibika mara tatu kwa mwezi hula faida yote uliyoipata kwa stima. Weka hasara hiyo katika hesabu.

Jambo la nne: Mlima, mzigo na baridi. Mwenye duka atakuambia pikipiki inakwenda kilomita nyingi kwa chaji moja. Mara nyingi hupimwa kwenye barabara tambarare, ikiwa na mtu mmoja. Ukipanda mlima na mikebe miwili katika matope, utafika karibu zaidi. Betri hutoa nguvu kidogo pia asubuhi ya baridi kali, kama ile ya Kinangop. Omba kuijaribu kwenye njia yako, ukiwa na mzigo wako, kabla ya kulipa.

Jambo la tano: Betri ni ya nani? Kuna pikipiki ambazo unanunua pamoja na betri yake. Nyingine unanunua bila betri, na unapokwisha chaji unakwenda kituoni, unaacha betri iliyokwisha na kupewa iliyojaa kwa malipo. Mpango huu huondoa wasiwasi wa betri kufa, na bei ya kununulia hupungua. Lakini vituo vingi viko mijini na kando ya barabara kuu. Ikiwa kituo kiko mbali na shamba lako, kila safari ya kubadilisha betri ni kilomita za hasara.

BEI HUPANDA NA KUSHUKA

Petroli yetu yote huja kwa meli mpaka Mombasa ikiwa imekwisha kusafishwa, kwa sababu kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kiliacha kazi hiyo mwaka 2013. Bei ikipanda ng’ambo, nasi tunaumia. Bei mpya hutangazwa tarehe 14 ya kila mwezi. Mnamo Septemba 2023, lita moja ya petroli ilipita shilingi 200 katika Nairobi kwa mara ya kwanza.

Stima nyingi hutoka hapa kwetu: mvuke wa Olkaria, maji ya mto Tana, na upepo wa Loiyangalani. Hata hivyo bei yake nayo hubadilika, kwa sababu malipo ya mafuta ya mitambo na ya pesa za kigeni huongezwa juu yake. Basi fanya hesabu mara mbili: mara moja kwa bei ya leo, na mara nyingine petroli ikiwa imeshuka kwa shilingi 30. Ikiwa faida bado ipo, una msingi mzuri.

NA MOTOKAA JE?

Hesabu ni ile ile. Motokaa ndogo ya stima hutumia yuniti 18 hivi kwa kilomita 100, yaani shilingi 540 kwa bei yetu ya mfano. Ya petroli hutumia lita 7 hivi, yaani shilingi 1,260. Lakini katika motokaa kuukuu, betri ndiyo bei. Kwa mfano, Nissan Leaf zilizoanza kuuzwa Desemba 2010 zilikuwa na betri ya yuniti 24 isiyopozwa kwa maji, nazo hudhoofika upesi penye joto. Pembeni ya kipimo cha chaji kuna vistari 12 vidogo vya afya ya betri. Kila kimoja kinachozimika ni nguvu iliyokwisha kupotea, nayo hairudi kwa kuchaji. Vihesabu kabla ya kuzungumza bei.

FANYA HIVI MWEZI HUU

Usikimbilie mkopo. Usiweke cheti cha shamba rehani, wala usikubali makato ya maziwa, kwa sababu ya maneno ya dukani. Kwanza chukua daftari, na kwa siku 30 andika kila jioni: kilomita ulizokwenda, petroli uliyonunua, na pesa ulizompa fundi. Mwisho wa mwezi jumlisha. Kisha weka hesabu ya stima kando yake kama tulivyofanya hapa, pamoja na akiba ya betri.

Ukiona safari zako ni chache, usikate tamaa. Zungumza na majirani. Wakulima wanne wenye kilomita 250 kila mmoja, wakipeleka maziwa kwa pikipiki moja kwa zamu, wanaweza kukaribia kilomita 1,000. Hapo hesabu ya mfano wa pili inageuka kuwa ya mfano wa kwanza, na pikipiki moja inawatosha watu wanne.

Na ukinunua ya stima, ile akiba ya betri iweke kweli, kila mwezi, mahali usipoweza kuigusa. Faida ya stima unaipata leo, lakini deni la betri litakuja siku moja. Aliyeweka akiba atanunua betri nyingine na kuendelea na kazi. Asiyeweka atabeba mikebe kichwani.