Ghala Lililo Mkiani mwa Kondoo

Mkulima mwenye busara hujaza ghala wakati wa mavuno. Wanyama nao hufanya hivyo, lakini ghala lao limo mwilini, nalo ni mafuta. Ukijua jinsi linavyojaa na kupungua, utaokoa kondoo wako kiangazi kijacho.

Katika nchi za baridi yuko mnyama aitwaye dubu. Kabla ya majira ya baridi hamu yake ya kula huzidi mno, akanenepa sana. Kisha huingia pangoni, akakaa miezi mitano au zaidi bila kula wala kunywa. Moyo wake hupiga polepole, na mwili huishi kwa mafuta yale.

Kwetu Kenya hakuna dubu, lakini tunao kondoo wekundu wa Kimasai na wale wa kichwa cheusi wenye asili ya Somali. Mvua ikinyesha hula majani mabichi, na mafuta hukusanyika mkiani. Kiangazi kikija, majani huwa makavu na lishe yake ndogo. Ndipo mafuta hutumika, na mkia hulegea.

Lakini kondoo si dubu. Hawezi kulala mpaka mvua irudi. Lazima atembee, abebe mimba na kunyonyesha.

Je, mwili hujuaje hali ya ghala lake? Mwaka 1994 wataalamu wa New York, wakiongozwa na Jeffrey Friedman, walitambua jeni ya homoni iitwayo leptini. Homoni hiyo hutoka katika mafuta na kupeleka habari kwenye ubongo. Mafuta yakiwa mengi, hamu hupungua. Yakipungua, njaa huzidi.

Hapa pana hatari. Jike aliyenenepa mno hula kidogo mwishoni mwa mimba, hasa akiwa na mapacha wanaobana tumbo lake. Mwili huyeyusha mafuta kwa haraka kupita nguvu za ini, na sumu huingia katika damu. Hujitenga, hukataa kula, na aweza kufa. Jike aliyekonda mno pia aweza kupatwa. Basi fanya hivi:

1. Usitazame mkia tu. Papasa kiuno, nyuma ya ubavu wa mwisho. Mifupa ikichoma kama meno ya msumeno, amekonda. Usipoisikia hata ukibonyeza, amenenepa mno. Ukiisikia kwa kubonyeza kidogo, hali yake ni njema.

2. Kata majani yanapoanza kutoa maua, uyakaushe na kuyaweka pasipovuja.

3. Ongeza chakula cha majike wiki mbili au tatu kabla ya kuwapandisha. Mimba ni miezi mitano. Hesabu ili wazae majani yanapoota.

4. Katika wiki sita za mwisho wa mimba wape chakula kizuri kila siku. Usimnyime chakula ghafula jike mnene.

5. Wasiohitajika uwauze kabla ya kiangazi, mkia ukiwa bado umejaa. Mwenye bucha wa Fedha, kule Embakasi, Nairobi, hutafuta nyama, wala hatakulipa kwa mifupa.

Maswali ya kujibu nyumbani: Je, kondoo wangapi katika boma lako wamekonda leo? Na majani uliyoyaweka yatawatosha siku ngapi?